Mlango wa Kupanda Juu, Kyela

Jumatatu, 4 Februari 1957. Mbeya

Benchi la sita la kanisa limekwisha. Bado manne. Mvua tangu alfajiri, mikono imekufa ganzi, randa inakwaruza badala ya kuteleza. Mama Neema kaniletea chai mara mbili na kunisema mara tatu.

Saa tano barua kutoka Kyela. Anayeandika ni Katibu wa chama cha wakulima wa mpunga, yule niliyemtengenezea mlango wa gereji ya lori mwaka jana. Nilidhani ni shukrani. Mlango umeanguka. Kamba imekatika, mlango ukashuka wote kwa mara moja, ukamvunja mkono mlinzi wao, Mzee Ambilikile. Mkono wa kulia, mahali pawili. Wananitaka niende, nichague namna nyingine ya kuufungua, "ya kufaa joto na unyevu wa huku".

Nimeisoma nimesimama. Nikaisoma tena nimekaa.

Jumanne, 5 Februari

Sijafanya kazi. Nimekaa kwenye benchi la kanisa kama mshitakiwa.

Nakumbuka ile kamba. Katani nzuri, nene kama dole gumba. Niliipaka mafuta ya ng'ombe mwenyewe, kama baba alivyonifundisha kwetu Iringa. Niliujaribu mlango hapa uani, Julai, baridi kali. Nilipandisha na kushusha mara hamsini. Nikajisifu mbele ya watu. Kumbe nilikuwa najisifu kwa hewa ya Mbeya.

Mama Neema anasema ajali ni ajali. Si kweli. Naona aibu.

Ijumaa, 8 Februari. Kyela

Nimefika kwa lori la mkaa. Siku mbili njiani, nusu yake tope la Tukuyu. Ukishuka ule mteremko wa mwisho unavua koti, kisha sweta, kisha unatamani kuvua ngozi. Shati limenata mgongoni kabla sijashuka. Hewa huku hainywewi, inatafunwa.

Nimekwenda kwanza gereji. Inatazama barabara moja kwa moja, ndiyo maana mwaka jana tuliamua mlango upande juu. Milango ya bawaba ingekwama kwenye tope masika yote. Humo ndani wanalaza lori na magunia ya mpunga. Mlango umeegemezwa ukutani, mkubwa, mbao zangu za mkaratusi zimevimba na kuota ukungu. Nimeiokota kamba. Nyeusi, inanuka, inapukutika mkononi. Na imetafunwa. Mafuta ya ng'ombe yaliyeyuka kwa joto hili yakachuruzika, panya wakapata karamu, unyevu ukamalizia. Kule kwetu milimani mafuta yale huganda na kuilinda kamba. Hapa nilikuwa nimewapikia panya.

Mzee Ambilikile kanikuta nimeishika. Mrefu, mwembamba, mkono umefungwa kwa vibao na kitambaa. Niliinama. Nikamwambia kosa ni langu, la kamba ni langu na la mafuta ni langu.

"Mlango wako ulinisalimia vibaya, fundi," akasema. Kisha akacheka. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Katibu hakucheka. Ni mtu wa suruali iliyonyooka hata kwenye tope. Kaniambia wazi: halmashauri ya chama itakutana Machi 13. Siku hiyo lori litapiga honi na Mzee atafungua, peke yake. Asipoweza, watamweka kijana. Na nyumba anayoishi, nyuma ya gereji, ni ya mlinzi. Itabidi ahame.

Mwanawe yuko migodini kusini, mwaka wa pili sasa hajaandika. Mke alishafariki. Amebaki yeye na mke wa mwanawe. Basi.

Jumamosi, 9 Februari. Kyela

Katibu ana katalogi. Ameifunga kwa karatasi ya kaki kama Biblia. Ukurasa mmoja una picha ya mota ya umeme: bwana mmoja mwenye kofia anabonyeza kidude, mlango wa gereji unapanda wenyewe, mkewe anatabasamu. Katibu ameipenda hiyo picha kupita kiasi. Anasema chama kitakuwa cha kwanza jimbo zima. Mashine ya kukobolea mpunga ina injini yake ya umeme, kwa nini isisaidie na mlango? Anasema na Mzee naye anaweza kubonyeza kwa kidole kimoja.

Kuna namna nyingine mbili. Springi, mbili kubwa za chuma juu ya mlango, zinabeba uzito. Na vizito vya kuning'inia, kama mwanzo, ila kwa waya au mnyororo badala ya kamba, na kitu cha kuzungusha kwa mkono.

Mwaka jana ningechagua palepale, kwa kujiamini. Safari hii nimekataa kujiamini. Nimechomoa kwenye sanduku langu kipande cha springi, mnyororo shubiri mbili, waya wa kawaida, waya uliopakwa zinki, na kamba mpya. Nimevitundika vyote chini ya upenu wa gereji, kwenye msumari wake kila kimoja. Nusu ya kila kimoja nimepaka grisi ya lori, nusu nimeacha. Hewa ya Kyela ndiyo itakayochagua. Mimi nitaandika tu.

Mzee kasema atavilinda. "Mimi si mlinzi?" Anavigeuza kila asubuhi kwa mkono wa kushoto ili mvua ivipige pande zote. Sikumwomba.

Jumapili, 10 Februari

Ibada. Wanaimba vizuri kuliko sisi, nakiri. Mahubiri kwa Kinyakyusa, nimeambulia jina la Yesu na neno la mvua.

Alhamisi, 14 Februari. Mbeya

Nimerudi. Baridi imenipokea kama ndugu.

Nimekwenda duka la vyuma kuulizia mota. Mwenye duka ana moja, kaitoa chini ya kaunta kwa heshima, kaipangusa. Nzuri sana. Nilitaka kuipenda. Nikamuuliza itafanya kazi vipi mahali ambapo ukuta unatoa jasho. Akasema ikae pakavu. Nikamwambia hapana pakavu. Akasema basi iwe na kifuniko, na iwashwe kila siku ipate moto, la sivyo unyevu utaingia kwenye nyaya za ndani. Nikamwambia injini ya mashine huwaka siku za kukoboa tu. Akairudisha chini ya kaunta, polepole, akaniuliza habari za nyumbani.

Ni muungwana. Angeweza kuniuzia.

Jumatano, 20 Februari. Makongolosi

Vumbi. Ajabu ya nchi hii: juzi nazama topeni, leo natema mchanga, na ni mvua zilezile za Mungu. Wanasema Chunya yote mwaka huu mawingu yamepita bila kusalimia.

Nimekuja kwa sababu fundi mwenzangu wa Uyole alisema wachimba dhahabu wameacha winchi za mkono, zile za kupandishia ndoo za mawe kutoka shimoni. Mara tano nimeonyeshwa takataka. Ya sita ndiyo. Ndogo, nzito, magurudumu mawili ya meno, mpini mmoja. Na pembeni ina kidole cha chuma kinachoangukia kwenye meno kila unapozungusha: ta, ta, ta. Ukichoka ukaachia mpini, kidole kinashika. Mzigo haurudi hata inchi.

Nilipokiona kile kidole moyo ulidunda. Mtu mwenye mkono mmoja lazima aachie ili apumzike. Na akiachia, kitu kimshikie. Haya ndiyo niliyopaswa kuyafikiri mwaka jana.

Hakuna kutu hata kidogo. Mwenye winchi anasema ni kwa sababu chuma chake ni bora. Ni kwa sababu ya ukame wake, lakini sikubishana naye. Nimeipakia.

Jumamosi, 23 Februari. Mbeya

Nimeifungua winchi yote na kuiosha kwa mafuta ya taa. Nimeifunga nguzoni uani, nimening'iniza magunia mawili ya mchanga, nimezungusha kwa mkono wa kushoto, wa kulia nimeufunga mgongoni. Majirani wamekuja kutazama. Mama Neema kapita na ndoo akauliza kama nami nimevunjika. Magunia yamepanda. Mabega yanauma, lakini yamepanda.

Benchi la saba la kanisa bado liko vilevile. Mchungaji kaanza kunisalimia kwa kifupi.

Jumatatu, 4 Machi. Kyela

Hewa imechagua.

Springi: nyekundu, imeota magamba. Hata upande wenye grisi umeanza. Waya wa kawaida umekatika nilipoukunja. Kamba nyeusi. Mnyororo wenye grisi mzima, usio na grisi una madoa. Waya wa zinki mzima pande zote mbili, kama vile umetoka dukani jana.

Mzee kaniambia la panya pia: wameilamba grisi siku ya kwanza, hawakurudi. "Haina chumvi," akasema. Nimeandika.

Nimemwonyesha Katibu vipande vyote juu ya meza yake, kila kimoja kwenye karatasi yake. Kaishika ile springi kwa vidole viwili. Kauliza: na mota? Nikamweleza ya dukani, yote, kama nilivyoambiwa. Kisha kafungua katalogi, kamtazama yule bwana mwenye kofia, kaifunga.

"Kwa hiyo chuma cha mashimoni," akasema.

"Winchi, vizito, waya wa zinki, grisi ya lori kila mwezi."

"Hakina heshima."

"Hakitaanguka."

Kapiga muhuri kwenye karatasi ya kazi. Hakunitazama, lakini kapiga.

Ijumaa, 8 Machi. Kyela

Siku mbaya. Naandika ili niimeze.

Winchi imefungwa kwenye ukuta wa ndani, zege limeshika. Vizito viko ndani ya masanduku yake, waya umepita juu ya makapi, vile vigurudumu vyenye mfereji, mlango umerudi kwenye reli. Asubuhi nimejaribu mwenyewe kwa mikono miwili: umepanda vizuri. Kwa mkono mmoja: haukuondoka chini. Mbao zimevimba, zimebana kwenye fremu shubiri ya kwanza. Ukishapita hapo unapanda kama mtoto anayebebwa. Ni ile shubiri moja tu.

Nimepiga randa kingo. Mkaratusi uliolowa haupigiki randa, unachanika nyuzi. Ungeshushwa, ukauke jua la mwezi mzima. Mwezi mzima sina. Jua pia sina. Mkaratusi niliuchagua mimi, kwa kuwa ulikuwa karibu.

Mzee kajaribu. Kushoto, mguu ukutani, mishipa ya shingo imetoka. Ta, ta, basi. Kafuta jasho, kajaribu tena. Ta. Nikaona ilivyo: akipata mtu wa kuvuta kizito kidogo tu mwanzoni, atamaliza mwenyewe.

Hapo mke wa mwanawe akapita nje na mkungu wa ndizi kichwani. Tusekile ndilo jina lake, nimelisikia kanisani. Nami kwa akili zangu za Iringa nikatoka mlango mdogo wa pembeni, nikamwita, njoo mama, shika waya huu, saidia baba yako. Na nikaufungua ule mlango mdogo wote ili aingie.

Ndizi zilianguka. Alijifunika uso kwa kanga, akageuka, akakimbia kuingia migombani kama aliyeona moto. Nikamgeukia Mzee. Alikuwa amegeuza uso, paji la uso liko ukutani, mkono mzima umefunika macho. Alibaki vile mpaka nyayo zikapotea. Kisha akaenda zake nyumbani kwa njia ya nyuma, bila kuniaga.

Nimeziokota ndizi moja moja.

Jumamosi, 9 Machi

Katibu kanieleza, kwa hasira ya mtu aliyelazimika kueleza kwamba maji yanalowanisha. Hapa mkamwana hamwoni baba mkwe. Hapiti njia yake, hataji jina lake, hakai chini ya dari moja naye. Ndiyo heshima yenyewe. Tusekile yuko nyumba yake ndogo ya pembeni miaka minne na hajauona uso wa Mzee. Chakula anakiweka kwenye jiwe, anakohoa, anaondoka, ndipo Mzee anatoka.

Nikasema, lakini ni Wakristo. Akanijibu kwamba yeye pia ni Mkristo.

Mjinga mimi. Mimi ambaye nikimwona mama mkwe barabarani kule Iringa naingia kwenye mahindi ya watu! Mwenzangu kwao ana miko yake, nami nikaona ni mlango tu.

Mzee hajaja leo. Bado siku nne.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya ibada Tusekile alinisubiri kwenye kona ya kanisa, pamoja na mke wa Katibu. Mfupi, mpole, macho chini. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

"Hukujua, fundi. Ndaga." Ndiyo asante yao. Kisha akauliza: "Yale meno ya mashine, yanasikika nje?"

Nikasema yanasikika.

"Hata jikoni kwangu?"

Jiko lake linaegemea ukuta wa nyuma wa gereji. Matofali tu katikati. Nikasema yatasikika, hasa jikoni kwake.

Akasema mkono wa baba ulipovunjika yeye alikuwa jikoni, alisikia kishindo, alimsikia akigumia, na hakuweza kuingia. Alikimbilia kwa jirani, jirani hayupo. Akakimbilia kwa mwingine. Ndivyo baba alivyolala chini ya mlango mpaka watu wakaja. "Siku ile nilisimama nyuma ya ukuta," akasema. "Mikono ninayo miwili, fundi."

Mke wa Katibu akatazama pembeni. Mimi pia.

Kisha akaniambia anachotaka. Waya upite ukutani, uingie jikoni kwake. Akisikia honi atasogea. Akisikia meno yameanza kisha yamenyamaza, atavuta. Yakianza tena, ataachia.

Sijawahi kupewa maelezo ya kazi yaliyonyooka namna ile.

Jumatatu, 11 Machi

Nimetoboa ukuta. Kazi ya nusu siku, patasi mbili zimekwisha. Kwanza nilitaka tundu lililonyooka, waya upite bila kusugua. Nikasimama, nikafikiri. Tundu lililonyooka linapitisha waya na linapitisha jicho. Nimetafuta bomba la chuma, nikalipasha moto kwa mhunzi, nikalipinda mara mbili. Waya unapita kwa kapi dogo na grisi nyingi. Jicho halipiti.

Upande wa jikoni nimeweka mpini wa mninga, niliupiga msasa mpaka ukawa laini.

Jioni Mzee kaja. Sikumwambia neno, nilimwonyesha winchi, kizito, waya unaoingia ukutani. Kautazama. Kasogea, kainamia lile bomba.

"Tundu hili halina macho?"

"Halina, baba. Nimelipinda."

Kaingiza kidole, kafuata mpindo. Kaitikia kwa kichwa. Hakuuliza upande wa pili kuna nani. Sikusema. Tukaenda kuangalia mawingu.

Jumanne, 12 Machi

Mvua mchana kutwa. Nasikia mbao zikivimba. Sina hamu ya kula. Kama kesho itashindikana nitakuwa nimemvunja mtu mkono na nimemtoa nyumbani kwake, vyote kwa mlango mmoja.

Jumatano, 13 Machi

Halmashauri watu watano, miavuli mitano. Katibu na saa yake. Mvua ya kumwagwa kwa ndoo. Mzee ndani peke yake, mlango umefungwa. Nami nimesimama nje na wakubwa kwa kuwa Katibu alisema fundi asiwe ndani.

Lori likapiga honi.

Ta. Ta. Kimya.

Tulisubiri. Mlango umesimama, chini yake hapapiti hata sarafu. Mmoja wa wakubwa akakohoa. Katibu akatazama saa. Ndani nikasikia Mzee anavyopumua. Ta. Kimya tena. Nilikuwa naomba, na sikumbuki kama ni Kihehe au Kiswahili.

Kisha sauti ya waya. Ni mimi tu niliyeijua, sauti ndogo, kama mtu anavuta uzi kwenye gunia. Kingo zikalia, mbao zikaachia, na kukawa na mwanga chini ya mlango. Ta ta ta ta ta. Viatu vya Mzee. Magoti. Ule mkono uliofungwa. Kifua. Uso, umelowa jasho, umetulia. Akasimamisha mpini, kidole kikashika. Akauachia. Mlango ukakaa juu.

Dereva akapiga honi ya furaha akaingiza lori. Wakubwa wakapiga makofi kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mwavuli. Mzee yu salama na nyumba yake.

Nimekwenda nyuma ya gereji, nimelia kidogo. Mvua imenisitiri.

Alhamisi, 14 Machi

Dhamiri imeniuma. Walitaka afungue peke yake, hakufungua peke yake. Kabla ya kupanda lori nimekwenda kwa Katibu nikamweleza, bomba, waya, jikoni, yote. Nikamwambia kama ni kosa ni langu.

Kaendelea kuandika mpaka mwisho wa mstari.

"Fundi, ukuta ule ni wa chama. Ulidhani unaweza kuutoboa nusu siku nisisikie?"

Nikashusha mzigo wangu chini.

"Mke wangu alinieleza Jumapili. Mimi ni Mnyakyusa, mgeni ni wewe." Kapuliza wino ukauke. "Chama kilitaka mlango unaofunguka honi ikilia. Umefunguka. Safari njema."

Nilipofika mlangoni kaniita. Kauliza kama winchi inaweza kupakwa rangi. Nyekundu, kama iko. Nikasema inaweza.

Jumapili, 21 Aprili. Mbeya

Pasaka. Watu wamekaa kwenye mabenchi yangu, yote kumi. Mchungaji kanisalimia kwa kirefu.

Binti yangu Neema kauliza nafanya nini nikiangalia milango ya kanisa muda wote wa mahubiri. Nilikuwa nahesabu ni wangapi wanaweza kuifungua.

Alhamisi, 8 Agosti 1957. Kyela

Kiangazi. Hata Kyela inapumua. Nilikuwa nimejiahidi kurudi wakati wa ukavu nimalize kazi yangu, na nimerudi. Siku tatu. Nimeushusha mlango, nimekata kingo za mkaratusi zote, mahali pake nimetia mninga wa Chunya, mbao ambazo hazijui kuvimba. Masika yakija hautabana tena.

Winchi ni nyekundu. Grisi imebadilishwa kila mwezi, naona kwa macho. Mkono wa Mzee umeunga, ila umepinda na nguvu hazijarudi. Hazitarudi, amesema mwenyewe, bila kunitupia jicho.

Leo asubuhi ameujaribu. Mkono wa kushoto, peke yake kabisa. Umepanda kutoka chini mpaka juu bila kusita. Nilifurahi mpaka nikapiga kelele. Nikamwambia sasa waya wa ukutani hauna kazi, nitautoa, nitaziba tundu kwa saruji, panya wasipate njia. Nilikuwa nimeshashika koleo.

"Uache," akasema.

Nikadhani hakunielewa. Nikaeleza tena habari ya mninga.

"Nimekuelewa, fundi. Uache."

Saa nne lori limerudi kutoka Tukuyu, likapiga honi. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia, nafunga vyombo. Mzee akashika mpini. Ta, ta. Kisha akasimama. Mlango haukubana, nilikuwa namwona, mkono ulikuwa mwepesi. Alisimama tu, uso ameelekeza chini, anasikiliza. Waya ukajivuta taratibu ukutani. Kizito kikashuka kidogo.

"Ndaga," akasema, kwa sauti ya chini, kwenye ukuta. Akaendelea kuzungusha.